Kaburi Lisilo na Mtu

Mwanzoni mwa muhula huu wanafunzi wangu wa chama cha Kiswahili hapa Bwera waliniletea barua iliyoandikwa kwa utaratibu mzuri, yenye tarehe upande wa kulia na sahihi ya katibu chini, kama nilivyowafundisha. Waliomba wapelekwe kutazama katakombe. Katika kitabu cha historia walikuwa wameona picha ya njia nyembamba iliyo chini ya ardhi ya mji wa Roma, yenye vishubaka ukutani kulia na kushoto, navyo vishubaka hivyo ni makaburi. Picha ile iliwanyima usingizi. Waliongeza, kwa adabu, kwamba kama katakombe hazipatikani wangeridhika na abasia.

Nililipenda ombi lile kwa sababu ya neno abasia, ambalo sikujua walilipata wapi. Abasia ni monasteri kubwa inayoongozwa na abate, na kanisa lake huitwa kanisa la abasia. Katika Afrika Mashariki abasia zinazojulikana zaidi ziko kusini mwa Tanzania: Peramiho, Ndanda na Hanga. Peramiho ilianzishwa na Wabenedikto mwaka 1898, ikachomwa moto mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji, ikajengwa upya. Ningefurahi kuwapeleka, ila kutoka Bwera hadi Songea ni safari ya siku kadhaa kwa basi, na chama chetu kina akiba ya kununulia chaki na madaftari tu.

Kuhusu katakombe niliwaeleza yale ninayoyajua. Sheria ya Kirumi ilikataza kuzika wafu ndani ya mji, basi makaburi yakachimbwa nje, kandokando ya barabara kuu. Mwamba wa sehemu zile ni wa volkano. Huchimbika kwa urahisi, kisha huwa mgumu ukipata hewa. Watu wakachimba ngazi kwa ngazi kwenda chini. Wengi hudhani kwamba Wakristo walijificha humo wakati wa mateso, lakini katakombe zilikuwa makaburi kwanza. Jamaa walishuka humo kuwakumbuka wafu wao, na katika zile za Mtakatifu Kalisti walizikwa mapapa kadhaa wa karne ya tatu. Kijana mmoja aliyelelewa Kilembe akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "kwa nini twende mbali? Mahandaki yako kwetu." Darasa likacheka, lakini hakuwa amekosea. Milima ya Kilembe imetobolewa na wachimbaji wa shaba, na reli ililetwa Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, hadi uchimbaji mkubwa uliposimama mwaka 1982. Nikamwambia kwamba handaki la shaba na handaki la wafu hutofautiana kwa jambo moja: katika lile la pili mtu huteremka akijua jina la anayemwendea.

Sikujua kwamba sentensi hiyo ingenirudia.

Tukakubaliana tutafute kanisa la kale ndani ya Uganda lenye makaburi ya watu waliotajwa katika historia. Chaguo likaangukia Rubaga. Kilima cha Rubaga kilikuwa na kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza kabla hakijawa cha Wakatoliki. Wamisionari wa Afrika, wale waitwao Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879, na kanisa kuu lililopo leo lilijengwa kati ya mwaka 1914 na 1925. Ndani yake amezikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, aliyewekwa wakfu kuwa askofu huko Roma mwaka 1939 na Papa Pius wa Kumi na Mbili, siku ambazo Mwafrika mwenye kofia ya uaskofu alikuwa jambo la kushangaza katika Kanisa Katoliki. Aliaga dunia mwaka 1966. Humo pia amezikwa Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga, aliyefariki mwaka 2021. Wanafunzi wangu wanaikumbuka sauti yake redioni. Kutoka Bwera hadi Kampala kwa njia ya Fort Portal, Mubende na Mityana ni zaidi ya kilomita 400. Siku moja ya kwenda, siku moja ya kutembelea, siku moja ya kurudi.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kupanga safari. Ukiwa na darasa la Kasese huchagui siku kama upendavyo. Ijumaa wanafunzi wangu Waislamu wana sala ya jamaa. Jumamosi Wasabato, ambao si wachache katika wilaya yetu, hawasafiri kwa matembezi. Jumapili kanisa kuu limejaa waumini, na kundi la vijana wenye madaftari litakuwa kero. Jumanne nzuri ingekuwa, lakini ni siku ya soko la Mpondwe, na nusu ya wanafunzi wangu huwasaidia mama zao kubeba na kuuza. Zikabaki Jumatano na Alhamisi, nasi tukazishika kama mtu anavyoshika nauli ya mwisho.

Kisha nikaandika barua kwa wazazi. Niliiandika kwa Kiswahili sanifu, na nakiri kwamba niliifurahia. Niliandika: "Tunakusudia kuzuru makaburi yaliyomo katika Kanisa Kuu la Rubaga." Kuzuru ni kitenzi kizuri. Kinatoka katika shina moja na ziara, nalo shina hilo ni la Kiarabu. Huko pwani mtu huzuru nchi, huzuru wagonjwa, na huzuru kaburi la mcha Mungu akisoma dua. Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kujua maana zote tatu. Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba wazazi wa Bwera hawajifunzi Kiswahili kwangu. Wao wana Kiswahili chao, cha sokoni na cha ng'ambo ya mto Lhubiriha, kilichokuja pamoja na wafanyabiashara wa Kongo. Watoto waliwafasiria barua kwa Lukonzo. Kwa kuwa walijitahidi kutafuta neno zito linalolingana na uzito wa kuzuru, habari zilizofika majumbani zilikuwa kwamba mwalimu wa Kiswahili anawapeleka watoto Kampala kuwaomba wafu.

Juma lile niliitwa mara tatu na mwalimu mkuu. Mzazi mmoja, mlokole, alimkataza binti yake hata kuhudhuria chama. Mwingine, Mwislamu, aliuliza kwa upole kama binti yake atalazimishwa kupiga magoti. Wa tatu hakujali dini. Yeye aliuliza habari ya usalama, na swali lake lilikuwa zito kuliko yote. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuwaua wanafunzi 37. Mpondwe ni jirani yetu. Tangu siku ile mzazi wa Bwera akisikia kwamba mtoto wake atalala mahali pasipo nyumbani, hupiga hesabu ambayo mwalimu wa Kampala hawezi kuielewa.

Tukaitisha mkutano. Nilianza kwa kuomba radhi kwa ajili ya kitenzi changu. Nikawaambia kwamba tunakwenda kutazama na kujifunza, kwamba atakayetaka kuomba ataomba kwa dini yake, na asiyetaka atasimama tu. Nikaeleza mahali pa kulala, walinzi na simu za dharura. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali, nami nikaona jambo limekwisha.

Hapo akasimama mzee mmoja aliyeketi nyuma. Alikuja kwa niaba ya mjukuu wake wa kike. Alisema kwa Lukonzo na mjukuu wake akafasiri, ingawa baadaye nilitambua kwamba Kiswahili anakijua barabara na hataki tu kukisema. Alisema kwanza kwamba lugha ninayoifundisha aliisikia akiwa kijana, vinywani mwa askari wa Amin, na kwamba waliosemeshwa kwa lugha hiyo usiku hawakurudi wote. Nimezoea maneno hayo. Kila mwalimu wa Kiswahili katika Uganda ameyasikia, hata baada ya Katiba kurekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Nikajiandaa kumjibu jibu langu la kawaida. Lakini hakungoja jibu.

"Mwalimu," akasema, "umesema watoto wataonyeshwa makaburi ya wakubwa, yenye majina. Vizuri. Sisi wenye watu tusiowazika, watoto wetu tutawapeleka wapi?"

Hakuna aliyeuliza ana maana gani. Kila mtu ukumbini alikuwa na hesabu yake. Wako waliopotelea mlimani katika miaka ya Rwenzururu. Wako waliochukuliwa wakati wa waasi wa miaka ya tisini. Na uko mwisho wa Novemba 2016, vikosi vya usalama viliposhambulia kasri la mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 wakauawa. Serikali ilisema waliouawa walikuwa walinzi wenye silaha. Mashirika ya haki za binadamu yakasema kwamba watoto walikuwamo. Baadhi ya maiti zilizikwa na mamlaka kabla jamaa hawajazitambua. Kesi ya mfalme na wenzake iliendelea kwa miaka, na mwaka 2023 mashtaka yakaondolewa. Kuondolewa kwa mashtaka hakumwonyeshi mama mahali pa kupanda ua.

Mwenye kusoma haya akiwa mbali na milima yetu ajue jambo jingine linaloongeza ugumu. Majina ya Wakonzo hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mtoto wa kwanza wa kiume ni Baluku au Mumbere, wa pili ni Bwambale. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Katika daftari langu la mahudhurio nina akina Biira watano. Ukiandika "Bwambale" juu ya jiwe bila kueleza ni wa nyumba gani na wa kijiji gani, umeandika karibu si kitu. Mtu wa kwetu hutambulikana kwa wanaomjua. Akizikwa na wasiomjua, amepotea mara mbili.

Sikumjibu mzee. Nilisema tu kwamba swali lake ni la haki na kwamba nitalifikiria, maneno ambayo mimi mwenyewe nisingeyapokea kutoka kwa mwanafunzi. Mkutano ukafungwa kwa sala mbili, moja ya Kikristo na moja ya Kiislamu. Nikaenda nyumbani kwa boda boda nikiwa na fomu kumi na mbili tu zilizotiwa sahihi.

Usiku ule nilikaa na ratiba yangu mezani. Niliisoma kama mzee yule angeisoma. Rubaga, kaburi lenye jina. Namugongo, madhabahu juu ya mahali palipomwagika damu, watakatifu 22 wenye majina, waliotangazwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, pamoja na wenzao Waanglikana waliochomwa nao Juni 1886. Kila mahali nilipopachagua palikuwa pa watu ambao taifa limekwisha kuwakubali. Mimi ninayejiita mwalimu wa uraia nilikuwa nimepanga safari ya siku tatu bila swali hata moja la uraia ndani yake.

Nikaanza kufuta. Sikuifuta Rubaga, kwa maana Askofu Mkuu Kiwanuka mwenyewe aliandika mwaka 1961, kabla ya uhuru, waraka wa kichungaji juu ya Kanisa na Dola, na vijana wanapaswa kusimama mbele ya kaburi la mtu aliyeona mapema kwamba vyama na wafalme wangegombana. Lakini niliiondoa mahali pa kwanza, nikaweka Namirembe.

Namirembe ni kilima cha Waanglikana, mkabala na Rubaga, na uwanja wake wa makaburi ni kitabu kizima. Huko imezikwa mifupa ya Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Huko yuko daktari Albert Cook wa Mengo. Na huko, Februari 1977, lilichimbwa kaburi karibu na la Hannington kwa ajili ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Luwum aliuawa tarehe 16 Februari baada ya kukamatwa na watu wa Amin. Serikali ikatangaza kwamba alikufa katika ajali ya gari. Maiti haikutolewa. Ilipelekwa kwa siri kijijini kwao Mucwini, Kitgum, ikazikwa huko. Jumapili iliyofuata waumini walijaa Namirembe ingawa mazishi yalikuwa yamekatazwa, wakaimba, kisha wakatoka na kusimama kuzunguka shimo lile lisilo na mtu. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa. Niliwaza kwamba hilo ndilo kaburi ambalo mzee wetu angelielewa bila mfasiri.

Kisha nikaongeza kituo ambacho hakikuwa kanisa wala makaburi: Mahakama Kuu ya Kampala. Mwaka 1972 Jaji Mkuu wa Uganda alikuwa Benedicto Kiwanuka, aliyewahi kuwa waziri mkuu kabla ya Obote. Mwezi Septemba mwaka ule alitoa uamuzi juu ya mfanyabiashara Mwingereza aliyezuiliwa na askari, akaamuru aachiliwe. Amri ya namna hiyo ina jina la Kilatini, habeas corpus, ambalo maana yake inagusa mwili: aliyemzuia mtu amlete, mwili wake uonekane mbele ya hakimu. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 23, inasema kwamba haki ya kupata amri hiyo haivunjwi wala haisimamishwi. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha waliingia katika jengo la mahakama wakamtoa Jaji Mkuu, na mwili wake haujaonekana hadi leo. Askofu Kiwanuka ana kaburi. Jaji Kiwanuka hana. Wanafunzi wangu watachanganya majina hayo mawili, kama kila mwanafunzi, na safari hii nitawaacha wachanganye kwa muda kabla ya kusahihisha.

Nilipomwonyesha mwalimu mkuu ratiba mpya alinyamaza kidogo. Akaniuliza kama ninataka kuwapeleka watoto Kampala wakasome siasa. Nikamwambia kwamba nawapeleka wakasome Katiba. Akacheka, kicheko cha mtu anayejua kwamba hizo mbili hukaa nyumba moja, kisha akaandika pembeni: "Inaruhusiwa, kwa busara." Neno busara alilipigia mstari mara mbili.

Barua ya pili kwa wazazi niliiandika kwa Kiswahili chepesi, na mwenzangu anayefundisha Lukonzo akaweka tafsiri upande wa nyuma. Hakuna kuzuru humo, nimeandika kutembelea. Nimeeleza kwamba siku ya kwanza tutatembelea mahali ambapo watu walimwombolezea askofu bila kuwa na mwili wake. Sikuandika zaidi. Sikutaka kudai kwamba nimelijibu swali la mzee, kwa maana Namirembe si Kasese, na Luwum hatimaye jina lake liliandikwa juu ya jiwe huko Mucwini. Kumpeleka mtoto wa Bwera mbele ya msiba wa wengine hakumpi kaburi la mjomba wake. Lakini huenda kukampa maneno. Kazi yangu ni maneno, na nimechoka kuyafundisha kwa mifano ya sokoni na hali ya hewa peke yake.

Katika chama tumeanza maandalizi. Kila mwanafunzi atachagua kaburi moja na kuandika aya tano juu yake, akitumia wakati uliopita na angalau vitenzi vitatu vya kauli ya kutendwa: alizikwa, alikamatwa, alisahauliwa. Mtaona jinsi kauli ya kutendwa inavyomficha mtendaji. Sentensi "Jaji alichukuliwa" ni sahihi kisarufi, lakini haijakamilika. Mwanafunzi atakayeniletea sentensi hiyo nitamrudishia na swali moja kwa kalamu nyekundu: na nani? Nilitoa zoezi hili Jumatatu, na binti mmoja akaniuliza kama wanaweza kuchagua mtu asiye na kaburi. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama lazima awe mtu wa Kampala. Nikamwambia hapana, lakini azungumze kwanza na watu wa nyumbani kwao, na asiandike jina ambalo hawajamruhusu kuliandika.

Binti huyo ndiye mjukuu wa mzee.

Hadi jana fomu 31 zimerudi kati ya 39. Yule mzazi mlokole amekubali, kwa sharti kwamba binti yake atabaki nje ya kanisa la Rubaga. Rafiki yake Mwislamu amesema atabaki naye. Mzee alikuja mwenyewe shuleni kuleta fomu ya mjukuu wake. Badala ya sahihi ameweka alama ya kidole gumba. Nilimsalimu kwa Lukonzo changu kibovu, "Wabukire," naye akaniitikia. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili safi kuliko nilivyotarajia, basi litaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi alfajiri, mbele ya lango la shule. Akasema saa hizo barabara ina giza, na kwamba atamsindikiza mjukuu wake na tochi, na atangoja hapo mpaka watoto wote wahesabiwe.